Magnolia ya Baba Natasha

Jumapili, 5 Januari

Nimeandika ripoti za wagonjwa wa watu kwa miaka ishirini na miwili. Amekula nusu sahani, amekunywa chai, amegeuzwa saa nane. Leo nimejinunulia daftari langu pale Ilford, huku kwa Waingereza, maana mgonjwa sasa ni wangu na hakuna msimamizi wa zamu wa kumkabidhi ripoti.

Mume wangu Harrison amelazwa tangu siku ya pili ya Krismasi. Ijumaa daktari alituketisha akatuambia kansa ya kongosho imeshaingia kwenye ini. Hakuna upasuaji, hakuna dawa nyingine, ni kupunguza maumivu tu. Akauliza kama tuna swali. Mimi nilikuwa na maswali arobaini. Harrison akauliza moja.

"Nitafika mwisho wa Machi?"

Daktari akasema huenda.

"Basi nitaiona ikichanua," Harrison akasema, akafumba macho.

Daktari akanigeukia. Ikabidi nimweleze kwamba ni mti.

Ni magnolia yake, nyuma ya nyumba. Aliipanda mwaka 2008 ikiwa kijiti cha kuchapia mtoto, akangoja miaka sita ndipo ikatoa ua la kwanza. Sasa imepita dirisha la ghorofani. Kila Machi, kabla hata jani moja halijatoka, inajaa maua makubwa ya kikombe, meupe kwa ndani, zambarau kwa nje, na baada ya siku kumi yamekwisha yote. Siku hizo kumi Baba Natasha huchukua likizo. Dereva wa basi, mtoto wa mjini Nakuru ambaye hajawahi kushika jembe maishani, anakaa bustanini na koti na chai yake kama bwana shamba. Mimi niliyezaliwa kwenye kahawa Kirinyaga hajawahi kuniruhusu niuguse. "Huu si kahawa, Mama Natasha." Miaka kumi na saba ananieleza habari za huo mti, na miaka kumi na saba namwitikia mm, mm, huku nikikunja nguo.

Jumatano, 8 Januari

Mvua. Amekula vijiko vitatu vya uji.

Jumamosi, 11 Januari

Leo nimefanya kazi yenye maana, na mikono inaniuma kwa raha.

Harrison akirudi, kitanda chake nitakiweka chumba cha nyuma, mti uwe mbele ya macho yake. Asubuhi nilisimama pale dirishani kupima. Aibu! Matawi yamepandana, mengine yanakwaruza kioo, katikati ni giza tupu. Mtu anaupenda mti miaka yote hii na hajui kuupogoa. Nikatoa msumeno stoo.

Kwetu Januari ndiyo yenyewe. Kahawa imeshavunwa, jua ni kali, na baba alikuwa akitupanga sote mstari mmoja mmoja, kila mtoto na mkasi wake, kazi iishe kabla ya mvua ya Machi. Fungua katikati jua liingie. Toa yanayopandana. Acha mashina matatu yenye nguvu. Mti ukikatwa vizuri unashtuka, na mvua ikiugusa unachanua wote kwa siku moja. Nilianza saa nne nikamaliza saa tisa. Ncha za matawi zilikuwa na vitu vya manyoya, laini kama sikio la paka. Nikajua ni majani yanayokuja, na majani hayana shida, yatakuja mengine.

Allan wa kanisani alileta gari lake akapeleka matawi yote jalani. Alisema, "Mama, umekata kweli." Nikamwambia aje Machi aone.

Sijamwambia Harrison. Nataka afungue macho siku hiyo akumbuke alioa binti wa nani.

Jumapili, 19 Januari

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nilitoka kuanika vitambaa nikasikia nikiitwa kutoka upande wa pili wa fensi. Ni Ushma, jirani yetu, mama wa miaka sabini na kitu aliyezaliwa Kisumu. Hatujasalimiana sawasawa tangu 2019. Maua ya mti wetu yalikuwa yakianguka kwake na kuoza, mumewe akateleza akavunja nyonga, naye Ushma akatuandikia barua ya kututishia sheria. Mume huyo alishafariki. Barua bado ninayo.

"Peris! Nani amefanya hii?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe? Si fundi umeita?"

"Mimi, na msumeno wangu. Sasa hutasumbuliwa na uchafu."

Akashika fensi kwa mikono miwili. "Peris, maua yote umekata."

Nikamwambia maua hayajatoka, ni Januari.

"Yalikuwa yametoka! Ile kitu ya manyoya, hiyo ndiyo ua. Mti inatengeneza tangu July, halafu inalala ndani winter yote. Ukikata sasa, umekata kila kitu. Hii inakatwa July, ikiwa na majani."

"Mimi nimezaliwa kwenye kahawa, mama."

"Hii si kahawa," akasema.

Nikatazama mti: mashina matatu, safi, wazi, kazi ambayo baba angeita majirani waje kuitazama. Hakuna hata unyoya mmoja. Ushma akaona uso wangu. Ndipo akanionyesha kwamba tawi moja lilikuwa limeegemea upande wake, chini ya fensi, nami sikuliona. Lina vitumba saba.

Nikamwomba asimwambie Harrison. Akanijibu, "Mimi na Harrison tunaongea lini?"

Jumatatu, 20 Januari

Nimekwenda jalani kuulizia matawi. Wamecheka kidogo, kwa adabu. Kila kitu husagwa siku hiyo hiyo.

Alhamisi, 30 Januari

Ini limevimba. Amechoka. Amemwambia nesi, Mghana mmoja mpole, habari za mti kuanzia 2008. Nesi akanigeukia, "You must be so proud of it." Nikasema ndiyo, naona fahari.

Alhamisi, 20 Februari

Amerudi nyumbani. Watu wa vifaa vya wagonjwa walileta kitanda cha hospitali asubuhi, vipande vipande, wakauliza wakifunge chumba kipi. Nilikuwa na wiki nne za kufikiria jibu la swali hilo.

"Cha mbele," nikasema.

Harrison alipoingizwa akageuza kichwa. "Mbona huku? Tulisema nyuma."

"Nyuma kuna unyevu, Baba Natasha. Kifua chako."

"Unyevu umeanza lini?"

"Mwaka huu."

Nilitumia ile sauti ya kazini, ile tunayotumia kumwambia mzee kwamba mkewe yuko njiani anakuja, na mkewe alizikwa zamani. Sikujua ningeitumia nyumbani kwangu. Kisha nikaenda nyuma nikafunga mapazia.

Ijumaa, 21 Februari

"Vipaka vimeamka?" Ndivyo anavyoviita vile vitumba, kwa ajili ya manyoya.

"Bado. Baridi."

Jumapili, 23 Februari

"Vipaka?"

"Bado."

Natasha yuko hapa wikiendi yote. Nilimwambia yote jikoni. Huyu mtoto tulimzaa, tukamlea kwa Kiswahili, na mpaka leo ana miaka ishirini na saba hunijibu kwa Kiingereza. "Mum, just tell him."

"Utamwambia nini mtu aliyebakiwa na kitu kimoja tu cha kungojea?"

"The truth. He's dying, he's not a child."

Nikamwambia ana moyo wa barafu. Baadaye nikamkuta amelala kwenye mapaja ya baba yake, amevaa viatu bado, naye Harrison amemwekea mkono kichwani. Nikarudi jikoni kimya kimya.

Jumamosi, 1 Machi

"Vipaka?" "Bado, ila karibu."

Nimekwenda kwa Ushma. Mara ya kwanza kukanyaga nyumba yake tangu msiba wa mumewe, na siku ile nilikaa dakika kumi kwa saa. Tumesimama chini ya lile tawi kama wakunga wawili. Vitumba ni vitano. Viwili kindi ameng'oa, maganda yake ya manyoya yako chini. Ushma amefunga wavu.

Mpango wetu ni huu: vikichanua tumpeleke Harrison kwa kiti cha magurudumu mpaka kwake, aketi mgongo ukiwa upande wetu, ayaone maua ya pale. Ushma anasema ataona mti. Mimi nasema tutaweka mwavuli. Tumepanga kama wezi wa benki, na kwa nusu saa nilikuwa na furaha.

Jumanne, 4 Machi

Hawezi kukaa tena kwenye kiti. Nesi anayekuja nyumbani alijaribu kumketisha, Harrison akapiga ukelele ambao Natasha aliusikia kwenye simu. Basi mpango umekufa.

"Vipaka, Mama Natasha?"

"Bado."

Jumamosi, 8 Machi

Jua. Joto kabisa, watu wanatembea na fulana. Hewa kama hii hata mgonjwa anajua maana yake.

"Leo usiniambie bado," akasema. "Nenda ukapige picha."

Nilikwenda nyuma. Nilisimama kwenye chumba chenye mapazia yaliyofungwa, na simu mkononi, na nikafanya jambo ambalo ningemfukuza kazi msichana yeyote aliyelifanya kwa mgonjwa wangu. Nikatafuta picha za Machi iliyopita. Nikachagua moja ambayo maua yameanza tu, si mengi. Nikarudi nikamwonyesha.

Aliishika simu muda mrefu. Akaikuza kwa vidole viwili, akaisogeza huku na huku.

"Mzuri," akasema, akanirudishia.

Amekula mtindi. Karibu kikombe kizima.

Jumatatu, 10 Machi

Hakuuliza.

Jumanne, 11 Machi

Hakuuliza. Nilidhani nitapumua, kumbe nimekaa siku nzima nikisubiri aulize.

Jumatano, 12 Machi

Redio imesema jalidi, ile barafu ya usiku. Ushma na mimi tumefunika tawi kwa shuka, juu yake leso yangu, juu yake plastiki. Amenishikia ngazi. Amesema mumewe aliteleza kwa sababu alikuwa amekunywa, si kwa sababu ya maua, na kwamba yeye mwenyewe alijua hivyo hata alipoandika ile barua. Nikamwuliza kwa nini aliiandika basi. "Nilitaka iwe makosa ya mtu mwingine," akasema. Nilikuwa nimemwona mtu mbaya miaka sita.

Alhamisi, 13 Machi

Jalidi imepiga. Vitatu vimekuwa rangi ya chai. Vimebaki viwili.

Jumamosi, 15 Machi

Morfini imeongezwa. Ananijibu ndiyo na hapana. Akiwa na Natasha anazungumza. Akiwa na nesi anazungumza. Mimi ndiyo na hapana.

Jumanne, 18 Machi

Kimoja kimeanguka chenyewe. Sijui sababu.

Ijumaa, 21 Machi

Ushma alikuja saa tano, bila kuniuliza, na glasi ya maji mikononi. Ndani yake kijiti, na kwenye kijiti ua moja, limefunguka lote. Amelikata. Alisema lingefika kesho lingekuwa limeiva kupita kiasi, na mtu haji kwa ua, basi ua liende kwa mtu. Nilitaka kumrudisha mlangoni lakini alikuwa ameshanipita.

"Harrison, habari ya siku nyingi," akasema, akaliweka mezani karibu na uso wake.

Harrison alilitazama. Alilitazama sana. Nuru ilimjia usoni, sitasema uongo, niliiona. Akainua kidole akaligusa kwa chini, pale linaposhikana na kijiti. Kisha akamtazama Ushma.

"Asante, mama. Sasa niambie, kwa nini wewe ndiye unaniletea ua la mti wangu?"

Ushma akanigeukia. Harrison naye. Natasha alikuwa amesimama mlangoni, akamshika Ushma mkono wakatoka.

Nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana ningekaa nisingemaliza. Msumeno, Januari, mashina matatu, jalani, kindi, jalidi. Nilisema nilitaka kukufurahisha. Nilisema nilitaka kukuonyesha.

"Unyevu," akasema.

"Hakuna unyevu."

"Na picha."

"Ya mwaka jana."

"Najua ni ya mwaka jana. Ina fensi ya zamani. Fensi mpya niliweka mimi na Allan, Novemba, nikitapika." Akapumzika kidogo. "Nilikusubiri. Nikasema kesho ataniambia. Nikasema kesho."

Nikaomba msamaha. Niliuomba kwa Kiswahili na Kikikuyu, nilipiga magoti, mimi mtu wa magoti mabovu.

Akasema, pole pole, maana pumzi haitoshi: "Kukata umekata. Mti ni mti. Lakini mwezi mzima, Peris. Mwezi mzima umenilaza hapa natazama barabara." Hajaniita Peris tangu Natasha azaliwe. "Ningeutazama hata ukiwa kisiki. Ni mti wangu."

Nikamwambia tutamhamisha sasa hivi.

"Sasa ya nini," akasema, akageuzia uso ukutani.

Jumamosi, 22 Machi

Hajazungumza nami asubuhi yote. Nilimwosha, nilimbadilisha, nilimpaka mafuta visigino. Aliniacha nifanye, kama wanavyoniacha wagonjwa nisiowajua.

Saa kumi hivi alisema, "Mti utatoa vijiti vingi pale ulipokata. Vitasimama kama ufagio. Utataka kuvikata. Usivikate mpaka July."

Nikasema sitavikata.

"July. Na uache vile vinavyoelekea nje."

"Nitaacha."

Kisha: "Kesho mnipeleke nyuma."

Nimepiga simu kwa watu wa vifaa. Wanaweza kuja Jumatano. Nimempigia Allan, naye atakuja na Gires, ndugu yake mwenye mabega, baada ya ibada ya kwanza. Nimefungua mapazia ya nyuma. Nimefuta kioo ndani na nje.

Jumapili, 23 Machi

Allan na Gires walifika saa nne na nusu wakiwa bado na suti za kanisani. Kitanda kina magurudumu, tukasema tutakisukuma. Hakikupita mlangoni. Gires akatoa bisibisi akang'oa mlango kwenye bawaba. Bado hakikupita. Nikaleta futi. Nilishika mwisho mmoja, Allan mwingine, tukapima fremu, tukapima kitanda. Sentimita mbili. Gires akasema tung'oe na reli za pembeni, Allan akasema reli zikitoka ataanguka, mimi nikasema nitamshika mimi, ndiyo kazi yangu, nimeshika watu miaka ishirini na miwili. Tukabishana. Nikapima tena, kwa juu, labda fremu imepinda.

Natasha akasema, "Mama."

Hajaniita mama, kwa Kiswahili, tangu akiwa na miaka minne. Niligeuka.

Nimekaa na watu wengi katika pumzi yao ya mwisho, watu ambao watoto wao walikuwa likizo Marbella au njiani kwenye treni. Nimewashika mkono Waingereza, Wahindi, mzee mmoja wa Poland ambaye hatukuwa na neno moja la pamoja. Sikumkosa hata mmoja aliyekuwa katika zamu yangu. Mume wangu alikata roho hatua tatu kutoka niliposimama, na mimi nimempa mgongo, napima mlango.

Jumatatu, 24 Machi

Wanawake wa kanisani wamejaa. Ushma amepika wali wa dengu wa watu thelathini na hataki kukaa.

Jumatano, 26 Machi

Watu wa vifaa wamekuja kuchukua kitanda. Walikifungua vipande vipande kwa dakika sita. Mmoja aliuliza mlango umepatwa na nini. Nikasema tulikuwa tunatengeneza.

Alhamisi, 27 Machi

Nyumba imetulia. Natasha ameenda kuonana na watu wa mazishi, hakutaka niende.

Magurudumu ya kitanda yameacha alama nne kwenye zulia. Nimeleta kigoda cha jikoni nikakiweka pale kichwa chake kilipokuwa, nikainama mpaka macho yangu yakawa kimo cha mto wake. Kisha nikatazama dirishani.

Kuna mapipa matatu ya taka, kijivu, kahawia na buluu. Kuna gari jeupe la jirani, tairi moja haina upepo. Kuna ukuta wa matofali wa nyumba ya mbele, na bomba la mvua linaloteremka katikati yake. Kuna nusu ya kituo cha basi, kwa hiyo watu wanaongoja unawaona miguu na mifuko tu. Basi likipita chumba kinaingia giza kidogo, halafu kinarudi. Lilipita mara kumi na nne.

Nilikaa hapo kuanzia saa tatu mpaka saa sita. Shingo ilianza kuuma saa ya kwanza. Niligeuza kichwa kila upande anaoweza kugeuza mtu aliyelala, kushoto, kulia, juu kabisa mpaka kwenye mstari wa paa. Kutoka pale nilipomlaza, huoni hata mti mmoja.